Hija ya Kusini: Bagamoyo, Kilwa, Ndanda mpaka Peramiho, na kwanini msiruke makaburi ya Majimaji Songea

MwanaJumuiya (mleta uzi)

Tumsifu Yesu Kristo wadau.

Kila mwaka naona parokia zetu zinahamasisha watu waende Roma, Lourdes, Fatima na Nchi Takatifu, na aliyejaliwa aende tu, sina neno. Ila kuna hija ipo humu humu nchini, coaster inafika kote, ina abasia (nyumba kubwa za wamonaki), ina miji mikongwe ya pwani, ina makaburi ya watu waliokufa kwa ajili ya Injili, alafu wakatoliki wengi wa Dar ukiwatajia Ndanda wanajua hospitali, ukiwatajia Peramiho wanajua hospitali, basi. Kikundi chetu ni mchanganyiko, kina mama wa WAWATA, wazee wa UWAKA na vijana wachache wa kwaya, tumerudi juzi na watu wameniandama inbox niweke mambo hadharani. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Tulianza Bagamoyo japo ukiangalia ramani iko kinyume kabisa na tunakoenda. Padre mlezi wetu alikataa katakata kuiruka. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni pale 1868 wakitokea Zanzibar, wakawa wanakomboa watumwa kwa kuwanunua, wakawajengea kijiji chao pale pale misheni wanalima, wanasoma, wanafunga ndoa. Mnara wa kanisa lile la 1872 bado upo, ndo pale ulipowekwa mwili wa Livingstone Februari 1874 baada ya watumishi wake kina Susi na Chuma kuubeba kwa miguu kutoka huko Zambia ya leo. Wageni wengi wanapiga picha mnara, wanapiga picha mbuyu, wanaondoka. Sisi tulikaa makaburini. Nendeni makaburini jamani. Misalaba imepangwa safu safu, ukianza kusoma miaka ya kuzaliwa na ya kufa unajikuta unapiga hesabu bila kupenda, huyu ana ishirini na kitu, huyu thelathini hakuifikisha, na wengi wao ni homa tu ndo iliyowamaliza. Mama mmoja kwenye msafara wetu ana kijana wake seminarini, alisimama kwenye kaburi moja hasogei mpaka tulipoanza rozari.

Tukarudi Pugu. Hapa naomba niseme kitu, sisi wa Dar tunaenda Pugu kila Kwaresima kufanya Njia ya Msalaba, ila ukimuuliza mtu kwanini Pugu na sio mahali pengine anakuangalia tu. Wabenediktini kutoka Ujerumani walianza misheni pale 1888. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita ya Abushiri ya kuwapinga Wajerumani, ikavamiwa, wakauawa Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerk na Sista Martha Wansing, wengine wakachukuliwa mateka. Yaani misheni ina mwaka mmoja tu, ikafutika. Wakaanza upya Dar, na kutoka Dar ndo wakashuka kusini. Kwahiyo ukitoka Pugu kwenda Ndanda na Peramiho unafuata njia yao ileile.

Naendelea chini, nisije nikapoteza nilichoandika.

MwanaJumuiya

Sehemu ya pili.

Barabara ya kusini kwa sasa ni lami mpaka Songea, ila msiende masika, maeneo ya Somanga maji yakijaa barabara inakatika mnalala njiani na wazee. Tulivuka daraja la Mkapa pale Rufiji, tukasali rozari kamili mpaka Nangurukuru, alafu tukakunja Kilwa.

Kilwa watu wanajua kama magofu ya Waislamu na ndivyo ilivyo, msikiti mkuu wa Kisiwani na Husuni Kubwa ni urithi wa dunia tangu 1981 na mtu yeyote mwenye akili timamu lazima avue kofia akiona kazi ile. Ila mkatoliki ana sababu ya ziada. Wareno waliuteka mji Julai 1505 na mapadre Wafransisko wakiwa kwenye merikebu zao, wakajenga ngome, mwaka 1512 wakaondoka na hakuna parokia iliyobaki nyuma yao. Padre wetu alituuliza pale pale kwenye Gereza, ndo jina la ngome ya Kisiwani, mmeona Injili ikija na mizinga inadumu miaka mingapi? Hakuna aliyejibu. Kuvuka kwenda Kisiwani mnachukua kibali kwanza ofisi ya Mambo ya Kale pale Masoko, msije mkaenda moja kwa moja kwa wenye boti.

Kilwa Kivinje ndo iliniingia zaidi. Nyumba za zamani zimechoka, milango ya kuchonga mingine imebaki fremu, mikoko imeingia mpaka kwenye mji. Huku Kilwa ndiko Askofu Cassian Spiss alikoanzia safari ya miguu Agosti 1905. Huyu ndo alianzisha Peramiho mwaka 1898 akiwa padre, baadaye akawa askofu Dar, na alikuwa anarudi kuwatembelea watu wake. Alikuwa na Bruda Gabriel Sonntag, Bruda Andreas Scholzen, Sista Felicitas Hiltner na Sista Cordula Ebert. Vita ya Majimaji ndo kwanza imelipuka. Wakauawa wote watano kule Mikukuyumbu, njia ya Liwale, tarehe 14 Agosti, mkesha wa Kupalizwa Bikira Maria. Na Kivinje hiyo hiyo ndo kuna Mwembe Kinyonga, walikonyongewa wapiganaji wa Majimaji. Mji mmoja. Tulisali sehemu zote mbili na hapo ndo ubishi ulipoanza ndani ya gari, nitaueleza.

Nyangao tulipita tu, ila msipite bila kumtaja Sista Walburga Diepolder, misheni ilipochomwa 1905 wenzake wakakimbia porini yeye akapotea huko na hakuonekana tena. Hospitali pale ina jina la Mtakatifu Walburga.

Ndanda sasa. Ilianzishwa 1906, vita haijaisha vizuri, baada ya Nyangao na Lukuledi kuchomwa. Mwaka 1931 ikawa abasia. Iko chini ya kilima cha uwanda wa Makonde, maji yanatoka mlimani mwaka mzima, na ukitoka kwenye jua la Lindi ukaingia pale unajua kwanini walichagua hapo. Tulilala nyumba ya wageni. Ushauri wangu mkubwa kuliko wote kwenye uzi huu ni LALENI ABASIA, msifanye ya kushuka saa nne mpige picha saa sita mmeondoka. Abasia inaonekana kwenye masifu. Mabruda wanaingia mmoja mmoja kimya, wanainama altareni, wanakaa pande mbili zinatazamana, upande huu unaimba mstari wa zaburi upande ule unapokea, kwa Kiswahili, taratibu, hakuna kinanda kinachokimbiza mtu. Wazungu wazee wamebaki wachache sana, waliobaki karibu wote ni vijana wetu. Kwaya yetu inapenda sana vipaza sauti nyie mnatujua, siku ile walikaa kimya mpaka usiku wa kulala.

Kurasini Kwetu

Mkuu umetisha. Swali la kizembe, bei? Na Lupaso hamkupita kwa Mzee Mkapa? Ni huko huko Masasi.

MwanaJumuiya

Tulipita mkuu, tukasema sala ya marehemu kaburini. Watu wanasahau mzee yule alisoma Ndanda, Kigonsera na Pugu, yaani shule za njia yetu hii hii.

Bei usinibane hapa kwasababu inategemea mafuta na idadi yenu. Tulichofanya ni kila mtu kuweka kidogo kidogo kila mwezi kwa mweka hazina, wasio na uwezo jumuiya zao zikawabeba. Madereva wawili lazima, kutoka Masasi mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 400 na kuna sehemu ndefu ni pori tu. Kuna wakala tulimpa kazi ya kutafuta gari mwanzoni akatuletea kimeo, kiyoyozi hakifanyi kazi na mikanda hakuna, tukalikataa hapo hapo getini kabla ya kupakia mzigo. Kagueni gari siku moja kabla.

Sauti ya Nyikani

Mleta uzi hongera kwa kazi. Ila nina swali na usinielewe vibaya. Umesema Kivinje mlisali na pale walikonyongwa wapiganaji, na kichwa cha uzi kinasema tusiruke makaburi ya Songea. Hao si ndo waliochoma misheni? Hao si ndo waliomuua askofu na masista? Hija ni kwenda kwa watakatifu na mashahidi. Mambo ya mashujaa wa taifa tuwaachie serikali, wana siku yao. Mimi naona mnachanganya siasa na sala.

Mgoni wa Litisha

Sauti ya Nyikani, kaka nakuheshimu ila hapo umenigusa. Mimi ni mkatoliki wa tatu kwenye ukoo wetu, baba kabatizwa Peramiho, babu kabatizwa Peramiho, na baba yake babu jina lake tunalisikia nyumbani kila tarehe 27 Februari, siku waliyonyongwa Songea. Unataka nikifika Peramiho nipige magoti kwa askofu, alafu nikifika Songea mjini nifumbe macho nipite? Hao walionyongwa ni wazazi wetu. Vita hawakuipenda, ardhi yao, kodi, viboko, kazi za lazima. Na hata misheni tusidanganyane, wamisionari walichoma kibanda cha mahoka cha Nkosi (chifu) Mputa kabla ya hiyo vita, sehemu yake ya kusalia wazee wake. Mtu anachomewa, kesho naye anachoma. Sisemi ni sawa. Nasema usinisomee nusu.

MwanaJumuiya

Ndugu zangu wote wawili asanteni, hili ndo hasa nililotaka kuliandika na nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Sauti ya Nyikani, hoja yako ndo ileile iliyotolewa na mzee mmoja kwenye gari letu, mzee wa heshima, katekista wa siku nyingi, alikaa kimya tokea Kivinje mpaka Lindi amekasirika. Nikujibu nilivyomjibu yeye.

Kwanza, Askofu Spiss na wenzake Kanisa halijawatangaza watakatifu. Kwahiyo tunachofanya kwao na tunachofanya Songea ni kitu kimoja, tunawaombea marehemu. Raha ya milele uwape ee Bwana. Hiyo sala haina kabila na haiulizi ulishika bunduki au mkuki.

Pili, na hili wengi hawalijui. Kabla ya kunyongwa kule Songea, padre mmoja Mbenediktini, Johannes Häfliger, aliingia gerezani kwa wale wafungwa. Misheni ya Peramiho ni majivu wakati huo. Mwenzake ameuawa. Aliwafundisha, akawabatiza wengi wao, na wakaenda kwenye kitanzi wakiwa wakristo. Sasa niambie, yule padre mwenyewe ambaye shirika lake lilichomewa misheni aliwafuata mpaka mlangoni mwa kifo, wewe na mimi tumekuja zaidi ya miaka mia baadaye na coaster tunasema hao sio wa kwetu? Wale ni wabatizwa. Kwa imani yetu ni ndugu, na kaburi lao lina haki ya kuombewa kama la padre yeyote pale Bagamoyo.

Mtu anaweza akasema ubatizo wa mtu anayesubiri kamba ni ubatizo gani, na mimi hilo swali silikwepi, linaniuma. Padre alikuja na Mjerumani mwenye kamba alikuja, na wote rangi moja. Ndo maana nasema nendeni mkasimame pale, msiyamalizie kwenye simu.

Makumbusho ya Majimaji yako pale Mahenge, Songea mjini. Kuna kaburi la pamoja la zaidi ya watu 60 walionyongwa Februari 1906, na Nduna (kiongozi wa vita) Songea Mbano ana kaburi lake peke yake, na mnajua ukoo unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani na mpaka leo wanakidai. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja pale tarehe 1 Novemba 2023 akainamisha kichwa akaomba msamaha. Tulipofika muongozaji alituonyesha sanamu za manduna moja moja na majina yao, alafu padre akavaa stola, tukaanza litania ya marehemu. Yule mzee katekista hakuambiwa na mtu. Aliomba kitabu akasoma yeye masomo.

Sauti ya Nyikani

Habari ya huyo padre kuingia gerezani sikuwahi kuisikia. Nimekaa seminari ndogo miaka na hakuna aliyetuambia. Bado nina wasiwasi na mambo ya kuchanganya, ila kwa sala ya marehemu sina cha kupinga. Mgoni wa Litisha nisamehe kaka.

Mgoni wa Litisha

Yameisha ndugu. Karibu Songea, ukija nitafute, tutaenda wote, na ugali wa mahindi ya Litisha utakula.

Dada wa München

Milele na milele, amina. Nimechelewa kuingia kwenye uzi. Mimi naishi huku Bavaria na nimeshafika St. Ottilien, ndo nyumba mama ya hao Wabenediktini, lilianzishwa shirika 1884 na Padre Andreas Amrhein. Ukipanda treni kutoka München sio mbali. Wana makumbusho ya kimisionari na vitu vingi ni vya kwetu, vinyago, silaha, vyombo vya nyumbani. Nilisimama mbele ya kabati la vioo nikawa najiuliza hiki nani alikitoa na alikitoa kwa hiari? Na wakati huohuo nikaingia kanisani nikakuta wanasali zaburi zilezile ulizoeleza za Ndanda. Mwandishi nakuelewa unaposema linauma. Nami nimekuwa na mambo yote mawili kifuani na sijaona sababu ya kutupa moja.

MwanaJumuiya

Dada asante sana. Ukipata nafasi tuwekee uzi wa huko, wengi tungependa.

Nimalizie Peramiho maana mnanidai. Kutoka Songea ni kama kilomita 24, lami. Ilichomwa 1905, ikajengwa upya, ikawa abasia 1931 mwaka mmoja na Ndanda, na mpaka 1969 abate ndo alikuwa kama askofu wa eneo lote mpaka lilipoanzishwa Jimbo la Songea chini ya Askofu James Komba. Kanisa ni kubwa mno, matofali yao wenyewe, mbao za karakana yao wenyewe. Tuliomba kutembezwa karakana na kiwanda cha uchapaji. Bruda aliyetupokea mikono imejaa wino mpaka kwenye kucha, akafuta kidogo na kitambaa akatupa mkono, akasema karibuni, hapa pia ni kanisani. Angalieni vitabu vyenu vya sala na nyimbo nyumbani, ukurasa wa mbele kwa chini, mtashangaa vingapi vimeandikwa Ndanda na Peramiho.

Mkiwa na nafasi pitieni Hanga kule Namtumbo mkiwa mnatoka Tunduru, hiyo ilianzishwa 1957 kwa ajili ya wamonaki waafrika na ni abasia tangu 1994, mabruda wote ni wa kwetu. Na Chipole kwa masista wa Mtakatifu Agnes. Hao masista wana mtambo wa umeme wa maji Tulila kwenye mto Ruvuma, megawati 5, wanawauzia TANESCO. Kina mama wa WAWATA waliposikia hivyo walitaka kushuka gari wahamie huko. Kurudi tulipitia Njombe na Iringa, tukasali Misa Tosamaganga, Wabenediktini walianza pale Wakonsolata wakaendeleza. Pale nako pana mengi ila sisi tulikuwa tumechoka hoi, sitaki kuwadanganya kwamba tuliona chochote cha maana.

Mama Kizimkazi

Wanangu hongereni. Mkipanga tena ongezeni Zanzibar mwanzoni, maana misheni ilianzia huku kabla ya Bagamoyo, mapadre walifika 1860. Minara Miwili pale Mji Mkongwe ni ya 1898, na asubuhi mkisali Misa mnasikia adhana na kengele kwa pamoja. Sisi tumezaliwa hivyo na majirani zetu wa Kiislamu ndo wanaotuletea futari.

MwanaJumuiya

Shikamoo mama. Hilo nalichukua kwa mikono miwili, kamati ikikaa nalipeleka kama lilivyo.

Kijana wa VIWAWA

Mkuu kwa sisi vijana mavazi na simu inakuaje huko abasia? Na ni lazima mkimya muda wote?

MwanaJumuiya

Mdogo wangu, mavazi ni ya kanisani tu, dada zetu wabebe kitenge cha ziada, Kilwa nako ni mji wa heshima zake mvae vizuri. Simu tulikubaliana zinakusanywa kuanzia masifu ya jioni mpaka baada ya Misa ya asubuhi, mwenye dharura namba ya kiongozi inatosha. Ukimya ni kuanzia masifu ya mwisho usiku, hapo hata milango mnafunga taratibu. Barua muandike mapema kwa mhudumu wa wageni wa abasia, iwe na muhuri wa parokia na saini ya paroko, msiende kama mnaenda gesti. Na mbebe intensio (nia) zenu za Misa zikiwa zimeandikwa, za wazazi, wagonjwa, na majina ya marehemu.

Safari ijayo tunaangalia Julai au Agosti, kiangazi, na tungependa tarehe 14 Agosti itukute njiani tuwasalie wale watano siku yao. Mgoni wa Litisha ameshakubali kutupokea Songea. Anayetaka jina liingie aniandikie PM parokia na jumuiya yake, orodha nafunga gari likijaa.